Malalamiko Kuhusu Meno ya Meja

Singida,
Ijumaa, 14 Juni 2024.
(Miaka arobaini na mitatu, miezi minne na siku tisa tangu niondoke Lupepo. Mvua leo: hakuna.)

Kwa mdogo wangu Lwitiko,
Msimamizi wa kikao cha ukoo,
Lupepo, Tukuyu.

YAH: BINTI YAKO TULIA, MBWA WANGU, NA KUVUNJWA KWA MWIKO NYUMBANI KWANGU

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wazee wote utakaowasomea. Miaka thelathini na moja niliyofanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa niliandika kile tu nilichokiona kwenye kipimo. Ndivyo nitakavyofanya hapa, asije mtu akasema Ambindwile amezeeka sasa anaongeza chumvi.

Mwezi wa tatu nilimpigia simu Tulia, kwa kuwa ndiye daktari wa mifugo tuliyemsomesha. Nilimweleza kwamba mbwa wangu Meja, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ananuka mdomo na anatafunia upande mmoja. Nilitarajia anitajie dawa. Akaniambia, "Baba mkubwa, inabidi umpige mswaki. Kila siku." Nikamwuliza kama anaongea na mimi au kuna mtu mwingine kwenye laini. Akasema, "Na usitumie dawa yako ya meno, itamdhuru." Nikamjibu kwamba hata mimi sina haja nayo sana, maana meno niliyobakiwa nayo ni manane na kila moja linajitegemea.

Maagizo yake niliyaandika. Mswaki laini wa mtoto mchanga, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni, uchovywe kwenye supu ya kuku isiyo na chumvi. Kusugua upande wa nje, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi. Siku ya kwanza jino moja au mawili, kisha kuongeza kadiri anavyozoea. Mifupa migumu marufuku. Ufizi ukivuja damu au jino likitikisika, apelekwe kwa daktari wa karibu. Halafu akamalizia na neno lililoniletea haya yote: "Peke yako huwezi, Baba mkubwa. Mmoja ashike, mwingine asugue."

Sasa mtu wa pili nyumbani kwangu ni nani? Mwanangu Asajile yuko barabarani na lori la vitunguu siku ishirini na tano za mwezi. Anabaki mkewe, Prisca, binti wa Masoko huko nyumbani, aliyelelewa na bibi yake kwa taratibu zote za zamani. Mwiko wetu mnaujua: mkwe hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani anapita pembeni. Najua huko nyumbani wengi mmeulegeza. Sisi tulioko mbali ndio tumebaki tumeushika, kama mwanafunzi anayeendelea kuvaa sare ya shule iliyokwisha kufungwa.

Tangu mama yake Asajile afariki, yaani miaka sita, mimi na Prisca tumeishi nyumba moja bila kuuvunja mwiko huo hata mara moja. Akiwa na neno la kunifikishia, alimwambia Meja kwa sauti ya kunifikia: "Meja, chai ya baba iko mezani." Nami nilimjibu Meja kwamba nimesikia. Ulikuwa utaratibu mzuri, na Meja hakuwahi kupotosha ujumbe.

Madhara ya mswaki ni haya:

1. Tulianza kwa heshima zote. Tulimweka Meja kwenye mlango wa jikoni, pazia likiwa katikati: Prisca upande wa jikoni ameshika kiuno na mkia, mimi sebuleni na mdomo. Lakini anayeshika kiuno hana mamlaka juu ya kichwa. Siku ya nne Meja aliondoka na pazia.

2. Tukahamia uani. Prisca alikaa amenipa mgongo, kichwa cha Meja kikiwa kwapani mwake, nami nikasugua nikiwa nimetazama paa la jirani. Kwa siku sita sina uhakika nilichokuwa nasugua.

3. Hili ndilo zito. Mjumbe aliyepanuliwa mdomo hatumiki. Kila Prisca alipoanza, "Meja, mwambie baba," Meja alidhani anaitwa, akageuka, na mswaki ukaishia sikioni mwake. Tarehe 2 Aprili, saa kumi na dakika ishirini jioni, mkwe wangu alinisemesha moja kwa moja. Maneno yake nimeyanukuu kwenye daftari: "Baba, huo ni ulimi."

4. Ni kweli ulikuwa ulimi. Hilo halipunguzi kosa.

5. Tarehe 9 Aprili alicheka mbele yangu. Meja alikuwa amepiga chafya na supu yote ikatua kwenye miwani yangu. Alipomaliza kucheka alinivua miwani, akaifuta kwa khanga, akanivisha. Wazee wapime wenyewe kama mtu anaweza kumvisha mwenzake miwani bila kumtazama usoni.

6. Sasa ananisemesha hata mswaki ukiwa umeshaoshwa. Aliniuliza habari za kwao Masoko enzi za ujana wangu. Nikamweleza ile njia ya kushukia ziwani, penye jiwe la kukalia na mti uliokuwa unadondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, njia hiyo haipo. Sasa ni migomba ya shangazi yangu." Miaka arobaini na mitatu nimekuwa nikiitembea njia hiyo kila ninapokosa usingizi, na hakuna kati yenu aliyewahi kuniambia nakanyaga migomba ya watu.

7. Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, nakula. Prisca alisimama mlangoni akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Na wewe baba unatafunia upande mmoja. Fungua mdomo." Nilifungua.

Baada ya hapo sina namba ya nane. Sidhani kuna jambo linaloweza kufuata.

Kwa hiyo naomba kikao kifanye yafuatayo. Tulia aitwe, aulizwe kwa upole ni wapi alipofundishwa kumtibu mbwa kwa kubomoa nyumba ya mtu. Wazee watoe tamko kama mwiko wa mkwe una kipengele kinachohusu mbwa mzee, na kama kipo, mbwa awe mzee kiasi gani. La tatu ni lile mlilokuwa mnalisubiri. Tangu Krismasi mnanisihi nirudi nyumbani, mkisema nimekaa kama mpangaji kwa mwanangu, mbali na kila anayenifahamu, na mmekwisha kuniezekea chumba. Nimekubali. Mzee hawezi kuendelea kukaa mahali ambapo haogopwi tena. Nitapanda basi na Meja kabla ya mwezi wa saba kwisha. Uje unipokee stendi ya Tukuyu, na uje na koti, maana langu limeliwa na nondo na baridi yenu siiwezi tena.

Nisalimie mama Tulia, wajukuu wote, shemeji zetu wa Ikuti, na wale wa kwaya wanaonikumbuka kwa sauti ya nne. Kwa subira yenu nawashukuru kwa lugha yetu, ndaga fijo.

Kaka yako anayekuheshimu,
Ambindwile

Tanbihi: Kuna jambo sikuliandika. Jumatatu daktari wa hapa alimng'oa Meja meno yote yaliyokuwa yamebaki, kwani yalikuwa yanatikisika. Anaendelea vizuri na anakula uji. Tulia nilimpigia, akasema kazi ya mswaki imekwisha, hatuna tena sababu ya kukaa uani. Jana saa kumi jioni Prisca alitoa vigoda viwili akaviweka palepale, akakaa. Nami nikakaa. Meja alilala katikati yetu. Tuliongea saa nzima na dakika kumi na tano, na habari za mbwa hazikutajwa. Chumba mpeni mwingine. Sirudi Lupepo.