Kamanda na Viatu vya Wateja

Jumatatu, 3 Machi
Kamanda kala ulimi wa kiatu cha mwalimu mkuu. Ulimi tu! Kiatu chenyewe kakiacha mezani, ushahidi kamili. Mke wangu kasema kikiharibiwa kiatu kingine, Jumamosi mbwa anakwenda kwa kaka yake. Kwa shemeji! Mtu ambaye hata kuku wake wanalala kwa jirani! Kamanda nimemlea kwa chupa ya maziwa. Nampenda. Haendi popote.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwuliza daktari wa mifugo. Kasema mbwa wa miezi minane ndiyo kwanza anabalehe: masikio anayo, kusikia hataki. Nisimkimbize, ataona ni mchezo. Nimfundishe kuachia kitu kwa kumpa kitamu zaidi. Akawa anaendelea, lakini mimi nilishaelewa, nikaondoka. Jioni Kamanda kabeba ndara. Nikamwonyesha kipande cha ini. Kaachia papo hapo! Shemeji atangoja sana.

Jumatano, 5 Machi
Kamanda kaniletea viatu vitatu mwenyewe, bila kuitwa. Anatubu! Nimempa vipande vitatu. Kiatu kimoja si cha hapa kwetu, lakini toba ni toba.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi wa nyumba ya pili kaja na mguu mmoja pekupeku, kaniita mkuu wa genge. Mimi! Nilipomweleza daktari wa mifugo, kacheka mpaka kakaa chini. Ati sikumfundisha mbwa, nimemwajiri. Kwani aliyesema nimpe kitamu ni nani?

Ijumaa, 7 Machi
Nimepaka pilipili viatu vyote vya karakana. Kamanda kanusa, kapiga chafya, kaondoka na kofia yangu. Mimi nikarudi kugongea soli, misumari mdomoni kama fundi yeyote. Misumari niliyoishika kwa vidole vilevile! Midomo imevimba. Mke wangu kauliza nani hasa anafundishwa humu ndani. Dharau gani hii!

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja na kamba. Kavua viatu mlangoni, kakaa, kajigamba atamnyoosha Kamanda kwa siku mbili. Kuinuka, kiatu kimoja hakipo. Kamanda kakiweka miguuni pangu, kisigino hakina. Shemeji kafoka kwamba mbwa mwizi hamtaki hata bure, kaondoka anachechemea. Mke wangu alijikaza, akashindwa, akacheka. Kasema basi, abaki. Nimefurahi mpaka machozi!
Hata hivyo, nidhamu ni nidhamu. Nimemlisha Kamanda ini lote lililobaki, ili ajue moja kwa moja kwamba wizi hauna faida.