Fundi Koki na Tanki la Mkewe

Inatangazwa kwa wenye mji wa mimba na wasio nao, wa karibu na wa mbali: maungo ya mwanamke hayana siri tena! Fundi bomba mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Koki, ameyachunguza kwa akili yake mwenyewe, bila kitabu wala taa, na amemaliza.

“Ni mabomba tu,” aliwaambia wenzake mlangoni mwa duka la vifaa. “Mji wa mimba ni tanki. Ovari zinatoa mayai, mirija inayasafirisha, shingo ya kizazi ndiyo valvu. Mnashangaa nini?”

Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanamngoja atoke mlangoni wapite.

Bahati mbaya, elimu hiyo ilikuwa na mgonjwa nyumbani. Damu ya mwezi ya mkewe ilikuwa imekataa kuondoka. Ikiaga leo, keshokutwa iko mlangoni tena, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mama wa watu alianza kupanda ngazi kwa kushika ukuta.

“Mpira wa valvu umelika,” Koki alitoa hukumu. “Dawa ni kupunguza presha ya laini. Usinywe maji mengi.”

“Nina kiu, Baba Watoto.”

“Ndiyo dalili kwamba tiba inafanya kazi.”

Tiba ilifanya kazi mpaka siku mkewe alipoteleza taratibu kando ya sinki, akakaa sakafuni na sahani mkononi. Sahani haikuvunjika. Aliiweka chini, akasema kwa sauti ndogo, “Mimi naogopa. Nakwenda kupimwa.” Hakuomba ruhusa. Akajitanda mtandio akatoka, na Koki akamfuata na mkoba wake wa spana, kwenda kusimamia kazi.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa. Alimtazama mgonjwa, akautazama mkoba, akaamua kutouliza.

“Hedhi ya mwisho ilianza lini, mama?”

“Hedhi yetu,” alijibu Koki, “haina mpangilio.”

Daktari akashusha miwani. “Na wewe unaumwa na tumbo, baba?”

“Hapana.”

“Basi pumzika. Mama, wakati wa tendo la ndoa kuna maumivu?”

“Hakuna!” alidakia Koki. “Sijawahi kupokea malalamiko.”

“Yapo,” alisema mkewe. “Mwaka wa pili huu.”

Koki akainua macho darini, na dari, kwa huruma yake, ilikuwa na doa la unyevu.

“Hapo juu panavuja,” alisema.

Daktari alimpima mgonjwa presha, akamtoa damu, akamfunua kope kuangalia wekundu wake na kuukosa. Kisha akampa jagi la maji. “Kunywa yote. Usiende haja mpaka nikuite kwenye picha ya tumbo.”

Koki aliruka kama aliyekanyaga msumari. “Mnamjaza maji mtu anayevuja! Mlisomea wapi?”

Mkewe hakungoja mjadala. Alikunywa kama ardhi ya kiangazi, akateka jingine.

Walipoitwa, alitembea kwa hatua fupi za heshima, amebana magoti. Alilazwa, akapakwa mafuta mazito ya baridi, na daktari akaanza kumpitishia tumboni kidude kama pasi ndogo ya nguo. Kwenye kioo cha mashine pakatokea mviringo mweusi, mkubwa, umetulia kama mfalme.

Koki hakuhitaji kuambiwa. Hakuna damu mbaya, hakuna maradhi! Alichomoa simu, akafungua spika.

“Mama mkwe, shikamoo! Kaa chini! Tumepata mjukuu! Kichwa nakiona hiki hapa, kikubwa, cha ukoo wetu kabisa!”

Mama mkwe akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa kwenye foleni nje wakakipokea, kwa kuwa kigelegele hakikataliwi.

Daktari alingoja kitulie.

“Hicho ni kibofu.”

“Cha mtoto?”

“Cha mkeo. Na ni maji matupu, baba. Yakijaa, yanatusaidia kuona kilicho nyuma.”

Akasogeza kidude. “Mama, huu hapa ndio mji wa mimba. Na hiki kinachochomoza ndani yake ni uvimbe, kama limao. Huu ndio unaokutoa damu. Kwa sura yake haunitishi, ila tutachukua kipande kidogo cha nyama tukipime tuwe na hakika. Halafu tutautoa. Na damu yako ni kidogo mno, huondoki leo kabla hatujakuongezea.”

Mkewe alifumba macho. Chozi likamtoka upande wa sikio, akashusha pumzi aliyoizuia tangu siku ya sinki.

“Kwa hiyo nitapona?”

“Utapona. Ungewahi, ungepona zamani.”

“Haloo?” mama mkwe akaita simuni. “Mjukuu atapewa jina la nani?”

Koki akaizima. Miaka yote hiyo ya kufunga matanki, juu ya mapaa, chini ya ngazi, makubwa kwa madogo, na hili lilikuwa limejaa mbele ya pua yake. Akamgeukia mkewe kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa.

“Mama Watoto, mbona hukunambia kama yale ni maji?”

Mkewe alikuwa ameshashusha miguu kitandani.

“Fundi si wewe? Hebu nipishe nikakojoe.”