Uvumi wa Supu ya Bu Juminten

Jumatatu, 28 Agosti

Bu Juminten amefungua. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na meza zangu, na anauza kilekile ninachouza mimi: rawon, supu nyeusi ya nyama. Kediri nzima ina barabara ngapi? Akaiona hii tu. Mjane, mnene, mcheshi, anasalimia mpaka paka. Kabla jua halijawa kali, viti vyake vimejaa. Kwangu alikuwepo Pak Sarpan, fundi wa pancha, na yeye hufuata kivuli tu.

Nilimwambia mke wangu Lasmini kwamba tumekwisha. Akasema duka halifi kwa siku moja. Nikamuuliza linakufa kwa siku ngapi. Akaendelea kukata vitunguu.

Mchana nilikwenda ofisi ya kata kwenye mafunzo ya bure ya wenye biashara ndogo. Mwalimu kijana, katoka Surabaya, viatu vinang'aa. Alisema tukae na wateja tuwaulize kwa nini wanakuja, na wasiokuja tuwaulize kwa nini hawaji. Alisema tuupange mwezi kabla haujaanza. Alisema tuangalie wanaopita mlangoni ni nani na wanapita saa ngapi. Mambo marefu. Sikuyaandika. Niliandika moja tu: hakuna tangazo linalolishinda la mdomo kwa mdomo, na halina gharama.

Nimerudi na moyo unanidunda. Nadhani ni matumaini. Huwa yananishika pale pale hofu inaponishika, siwezi kuyatofautisha.

Jumanne, 29 Agosti

Asubuhi nzima nimemchungulia Bu Juminten nikiwa nyuma ya kapu la mayai ya bata. Kabla ya kupakua supu anafumba macho na kusogeza midomo. Anamwambia nani? Halafu ana chupa ndogo anayoinyunyiza sufuriani. Lasmini akasema mama wa watu anasema bismillahi na ile ni chupa ya siki. Sawa. Lakini sikutoka nyuma ya kapu.

Sikusema uongo. Hilo niliandike wazi. Nilimuuliza Pak Sarpan swali, basi. Nilimuuliza kama amewahi kununua supu ya kule akaipeleka nyumbani. Hapa kwetu hata mtoto anajua: chakula cha mtu aliyefuga kitu kisichoonekana ili avute wateja ni kitamu palepale dukani tu. Ukikifikisha kwako kinapoa ulimini, kama umetafuna karatasi.

Pak Sarpan aliacha kupiga pampu.

"Unataka kusema ana kitu?"

"Mimi sijasema."

"Lakini umeuliza, Kaka Mur."

"Nimeuliza tu."

Akaangalia ng'ambo muda mrefu, tairi limelala miguuni pake.

Lasmini naye amekuja na habari zake. Amezungumza na akina mama wanaosokota sigara kiwandani. Wanatoka kazini saa tisa alasiri na njaa inawauma, wanapita hapa kundi zima, na sisi tumefunga kwa sababu mimi nimelala. Anataka tufungue mpaka jioni. Nimemwambia wakati wa vita hatuzungumzii usingizi.

Jumatano, 30 Agosti

Mdomo kwa mdomo unakwenda haraka kuliko alivyosema mwalimu.

Asubuhi, nikiwa nanyolewa, kinyozi Pak Gunadi aliniinamia sikioni akanieleza kwamba jikoni kwa Bu Juminten mna pocong, maiti yule anayerukaruka na sanda yake imefungwa juu ya kichwa. Mchana mwuza mboga akaniambia pocong huyo ana ulimi mrefu na analamba sahani kabla hazijapakuliwa. Alasiri ulimi ukawa unadondosha mate kwenye sufuria.

Ulimi sikuuweka mimi. Hata pocong sikumweka mimi. Mimi nilikuwa na swali moja dogo.

Kwa muda nilifurahi. Viti vya ng'ambo vilikuwa vitupu. Kisha nikaona na vyangu ni vitupu. Watu wanaogopa barabara nzima. Wanazunguka na kupita nyuma ya msikiti.

Halafu likanijia wazo ambalo sasa haliondoki. Watu wote hawa, wasiojuana, kila mmoja amesikia jambo lilelile. Kama nilibahatisha, je? Kama kweli yumo?

Nimelihamisha kapu la mayai. Sitaki tena kukaa upande unaotazama mlango wake.

Alhamisi, 31 Agosti

Amekuja. Kwa miguu yake, ameshika bakuli limefunikwa kitambaa. Nilikosa pa kukimbilia, nyuma yangu kuna ukuta.

Alikaa. Macho yamevimba. Alisema ameniletea supu kama jirani, ingawa alipaswa kuniletea tangu siku ya kwanza. Akaniuliza, kama mfanyabiashara mwenzake, kama nimesikia wanayoyasema. Nikasema sikusikia. Akasema, "Kaka Mur, mume wangu alikufa akiwa na deni la watu na mimi nilikuwa najua kitu kimoja tu, kupika. Sasa wanasema nimemfukua ndiye anayenilambia sahani. Mume wangu mwenyewe." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wewe unakaa hapa mbele. Si ungeona?"

Nilisema ningeona.

Alipoondoka nililisukuma bakuli kwa fimbo ya ufagio mpaka mwisho wa meza. Paka alikuja, akanusa, akaondoka. Lasmini akasema paka huyo ametoka kula kichwa cha samaki, akavuta kiti, akala bakuli lote. Nilikaa nikimwangalia mpaka adhana ya magharibi. Akaniuliza namwangalia nini. Nikamuuliza anajisikiaje.

Akasema nyama yake ni laini kuliko yetu.

Ijumaa, 1 Septemba

Tena ni Ijumaa ya Kliwon, ile ambayo kwa kalenda ya Kijawa mizimu hutembea. Hata mwaka usio na uvumi, siku hii hakuna anayependa kupita makaburini.

Baada ya sala wanaume hawakwenda nyumbani. Walisimama mbele ya duka la Bu Juminten. Halafu tofali likaruka na kabati lake la vioo likamwagika chini. Mmoja akasema atolewe nje. Mwingine akasema nyumba yenyewe isafishwe kwa moto. Mbele yao Pak Sarpan, mkononi chuma cha kubandulia tairi, anasema yeye ameyapata kwa mtu wa kuaminika kabisa.

Mimi nilikuwa chini ya meza. Kijiko kilianguka. Nilikitafuta muda mrefu.

Kutoka huko chini niliona miguu ya Lasmini ikivuka barabara. Peke yake, na kandambili zake za jikoni. Ilipita katikati ya miguu ya wanaume, ikapanda kizingiti, ikasimama kando ya miguu ya Bu Juminten. Sikusikia alichosema. Niliona tu kwamba miguu ya mbele ilirudi nyuma kidogo.

Ndipo akafika mkuu wa mtaa, Pak Mulyadi, fulana ya ndani na msuli kiunoni, jasho linamtiririka. Akasema atakayewasha kiberiti ataanza kumchoma yeye Mulyadi. Akasema kama ni supu, basi supu ijaribiwe. Jumapili itapikwa mbele ya watu wote, itapelekwa kwenye nyumba ya mtu, italiwa huko. Ikipoteza ladha, ataongea na Bu Juminten mwenyewe. Isipopoteza, yamekwisha. Na mwonjaji awe mtu anayeijua rawon, tena asiyekuwa na sababu ya kumpendelea.

Nikasikia miguu yote ikigeuka upande wangu. Niliinuka haraka, nikajigonga kichwa.

"Mume wangu atakuja," Lasmini alisema.

Aliporudi hakuniuliza habari ya kijiko. Aliniuliza jambo moja: "Ni wewe?"

Nilisema mimi niliuliza swali tu.

Akachukua ufagio na kwenda kumsaidia kukusanya vioo. Hajasema nami tena.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma pale nilipojigonga na pale ambapo sikujigonga.

Nikisema haina ladha, wataichoma nyumba naye akiwa ndani. Nikisema ni tamu, nimelitangaza duka lake kwa mdomo wangu mwenyewe. Na kama yote ni kweli, kesho nitameza mate ya maiti mbele ya majirani, na sijui kitu hicho kikiingia tumboni kinatokaje.

Alasiri niliumwa jino. Nililifunga shavu kwa kitambaa, nikakaa mahali pa kuonekana. Lasmini alikuja akakifungua kile kitambaa taratibu, mzunguko kwa mzunguko, bila kunitazama. Ndiyo mara ya kwanza alipozungumza tangu jana.

"Kesho ukisema uongo, mimi nahamia ng'ambo. Anahitaji msaidizi."

Nikamwambia hilo si jambo la mzaha.

"Unaona ninacheka?"

Jumapili, 3 Septemba

Nyumba iliyochaguliwa ni yangu. Ndiyo ya karibu.

Walijaa mpaka dirishani. Supu ilivushwa barabara katika sufuria yangu mwenyewe, imebebwa na Pak Mulyadi, na Bu Juminten nyuma yake kama mtu anayefuata jeneza. Mlangoni alisimama Pak Sarpan na chuma chake. Lasmini alikaa mbele yangu, mikono mapajani.

Mvuke ulinipanda usoni. Weusi ule ulikuwa mweusi kuliko wangu na nikaona uso wangu humo ndani, unatetemeka. Nilisoma dua zote ninazozijua na moja ya safari. Nikatia mdomoni.

Nyama ilikatika bila meno. Zile mbegu nyeusi zinazoipa rawon rangi yake, ambazo mimi huzikosea zikaacha uchungu, kwake zilikuwa nzito na tulivu, zinakaa kooni kwa adabu. Ndimu kidogo mwishoni. Nilingoja ipoe ulimini. Haikupoa. Nikachukua kijiko cha pili ili nihakikishe. Na cha tatu.

"Vipi?" Pak Mulyadi akauliza.

Niliangalia umati. Niliangalia chuma cha Pak Sarpan. Nikamwangalia Lasmini, na ndiye niliyemwogopa zaidi.

"Tamu," nikasema.

"Tamu kama kule?"

"Kule sijawahi kula. Hapa ni tamu."

Mtu dirishani akacheka. Kumbe walikuwa wanangoja wa kwanza. Wakaingia na vijiko, na viganja, na sufuria ikakauka, kisha wakavuka barabara kufuata nyingine. Pak Mulyadi akauliza, basi neno hili lilianza kwa nani? Pak Sarpan aliniangalia. Akasema alilipata kwa mtu fulani lakini sura imempotea. Akipita kando yangu akanong'ona kwamba kuanzia kesho supu yake iwe na nyama nyingi, na asiulizwe habari ya kulipa.

Lakini lililonimaliza ni Bu Juminten. Alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. Alisema wapo wenzake kwenye biashara ambao wangeitumia nafasi ile kummaliza. Alisema mtu mwenye ulimi mnyoofu kama wangu hajapata kumwona. Machozi yake yalinidondokea kwenye kifundo cha mkono. Sikuweza kuinua macho. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jumanne, 5 Septemba

Ng'ambo hakupitiki. Wanakuja kutoka Blitar, wanakuja kutoka Tulungagung, kila mmoja ananunua sahani ya kula hapo na mfuko wa kupeleka nyumbani akajaribu mwenyewe. Bu Juminten amenunua kabati jingine la vioo. Amemwajiri binti wa dada yake.

Kwetu Lasmini anafungua alasiri. Hakuniomba ruhusa. Jana akina mama wa kiwandani walikuja wakakaa, leo wamekuja na wenzao. Amewauliza wanapenda nini. Wanapenda chumvi ipungue na chai iwe ya moto. Basi, ndiyo hayo tu. Aliniamsha ili niwahudumie na nizungumze nao, na ningefanya hivyo, lakini nilikuwa nafikiri.

Nimefikiri hivi. Wiki iliyopita Bu Juminten alikuwa mjane mwenye sufuria. Leo Jawa Mashariki yote inamjua. Ni nini kilichofanya hivyo? Si siki. Si kufumba macho. Ni kushukiwa. Hakuna tangazo lililowahi kujaza barabara hii namna hiyo, na nililitengeneza mimi, kwa swali moja, nikampa mwingine.

Nimeogopa wiki nzima. Sasa nimeona nilikuwa naogopa kitu ambacho kingejaza viti vyangu.

Jioni nimekwenda kwa kinyozi Pak Gunadi. Nilikaa kitini, nikangoja duka lijae kidogo, nikamuuliza, nimeuliza tu, kama amewahi kusikia kwamba jikoni kwa Kasmuri, yaani kwangu mimi, kuna kitu, na kwamba supu yake ukiifikisha nyumbani haina ladha yoyote.

Mkasi haukusimama hata kidogo.

"Hiyo tunaijua siku nyingi, Kaka Mur," akasema. "Hata ukiilia palepale mezani."

Wote dukani wakatikisa vichwa kukubali.

Vizuri sana. Kumbe habari imeshaenea yenyewe. Kesho asubuhi nitakwenda msikitini kuazima viti vya ziada.