Keki ya Toleo 6.0

Jumatatu, 3 Machi
Sikuamini! Mama mkwe ameikataa programu yangu ya kupokea oda za keki bila hata kuijaribu. Ameona tu "Toleo 0.4" pale juu, akauliza kwa nini namletea sifuri dukani kwake. Shemeji, mdogo wa mke wangu na mwokaji wetu, alicheka mpaka unga ukampalia. Nimerudi kwenye sinki kuosha trei. Mimi! Na kipaji chote hiki!

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta 0.4, nimeandika 6.0. Kingine sijagusa. Umeme ukikatika bado inasahau kila kitu, lakini nani ameuona umeme ukikatika siku hizi? Mama mkwe ameipenda! Amesema kilichofika sita kimekomaa. Ikimaliza wiki bila kosa, mimi nakaa kaunta, shemeji ndiye ataosha trei.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji alitaka oda ziandikwe na ubaoni pia, kwa chaki. Nikasema mbele ya mama yake kwamba huko ni kuidharau sita. Lo! Mama mkwe akachukua kitambaa kibichi akafuta ubao wote. Moyo ukanilipuka. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ijumaa, 7 Machi
Umeme umekatika! Kuwasha tena, skrini nyeupe pe! Nakumbuka kesho kuna keki mbili: ya harusi na ya mzee anayestaafu. Nimeziandika upya kwa kichwa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu wangu! Bibi harusi amefungua boksi akakuta kikeki kidogo: "Pumzika Sasa, Umefanya Kazi Vya Kutosha." Amelia mpaka wanja umefika kidevuni. Mzee naye amepelekewa keki ya ghorofa tatu, juu vinyago vya bwana na bibi harusi wameshikana mikono. Mkewe amepiga simu akitaka kujua huyo msichana ni nani.

Jumapili, 9 Machi
Sinki. Shemeji yuko kaunta, anapiga mluzi. Mama mkwe amenunua chaki boksi zima na hasemi nami.
Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona. Sita na sifuri! Namba tupu namna hiyo, nani angeiamini? Nimeshabadilisha: 6.0.1. Akiiona ile moja ya mwisho atajua tumerekebisha.