Ekzosi Mpya na Kitambaa cha Kuskusi

Jumatatu, 8 Septemba

Maati, funga domo! Nilikuletea pikipiki uifungie ekzosi mpya, sikukuletea roho yangu uihubirie. Kaifunga, halafu eti kazi haijaisha. Eti sasa inatoa pumzi kwa wepesi, itavuta hewa nyingi na mafuta yatabaki yaleyale, kwa hiyo lazima abadilishe jeti ya kabureta, aweke yenye tundu kubwa la kupitisha mafuta. Nikamuuliza: mtu akipona mafua hupelekwa chuoni kufundishwa kupumua? Kageukia spana zake. Fundi mzima!

Jumamosi tunampelekea mchumba wa mjukuu wangu Taoufik zawadi: sukari, hina, tende, maziwa, na ndama wa kuvutwa kwa kamba. Ngoma na zumari nyuma. Mbele ya wote mimi, juu ya pikipiki yangu inayojulikana Marrakech yote. Maana Batoul, bibi wa bi harusi, katangaza hamamuni, mbele ya wanawake wote wanaooga, kwamba ukoo wetu huingia kimya kama waliokuja kuazima chumvi.

Atatusikia.

Jumanne, 9 Septemba

Inanguruma! Korongo wameruka ukutani. Mwoka mikate wa lango la Bab Doukkala kaangusha ubao mzima, kasema Subhanallah. Nikamwambia amina.

Kuna kadosari. Nikipunguza mwendo inapiga pa! pa! Maati kasema ndiyo dalili yenyewe ya mafuta kupungukia hewa. Dalili ya wivu wake, labda. Pikipiki inanipigia saluti.

Jumatano, 10 Septemba

Imezimika sokoni, katikati ya punda na watalii. Moto mtupu! Imeniunguza pindo la kanzu yangu ya jellaba. Mwanangu Abdeljalil, baba yake Taoufik, kasimama mbele yangu mikono kiunoni kama askari wa barabarani. Mama, ikizimika tena, Jumamosi unapanda gari, unakaa nyuma na sukari. Mimi! Na sukari! Niliyemfuta makamasi!

Maati kachomoa plagi, nyeupe kama chaki. Kasema injini inashiba hewa na inakufa njaa ya mafuta. Nikamwambia weupe ni usafi, na ovaroli yake ingeona haya kusimama karibu.

Alhamisi, 11 Septemba

Dawa nimeipata! Peke yangu, bila fundi. Chungu cha kuskusi, kile cha sehemu mbili, kikivuja mvuke pale cha juu kinapokalia cha chini, tunafanyaje? Tunazungushia kitambaa kilichochovywa katika uji wa unga. Basi ekzosi nayo ni chungu! Nimekizungusha pale inapoungana na injini, nikakikaza kwa meno. Pa-pa imepungua.

Maati kaja kuchungulia. Kakiri kwamba hewa ilikuwa inapenya hapo pia, lakini kitambaa kitaungua, na jeti bado ni ndogo. Mimi nilisikia lile la kwanza tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuskusi ya leo kokoto. Mvuke wote ulitokea pembeni. Abdeljalil kauliza kitambaa cha chungu kiko wapi. Nikamjibu ngano ya mwaka huu haina adabu. Taoufik katafuna huku akinitazama, kisha akatazama pikipiki. Kijana ana akili, kajiongezea mchuzi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilitangulia. Iandikwe hivyo. Mpaka kona ya mwisho nilitangulia mimi! Ngoma nyuma, wanawake na vigelegele, mimi nanguruma. Ikaja harufu ya mkate. Kisha ya mkate ulioungua. Kisha moshi kati ya magoti yangu. Kwenye mdomo wa kichochoro cha Batoul pikipiki ikakohoa, ikafa. Wapiga ngoma wakaacha kupiga. Kimya! Kimya kilekile cha kuazima chumvi!

Nikapiga kiki kwa nguvu zangu zote. PAA! Ndama akakata kamba, akanipita mbio, akaingia mlangoni kwa Batoul, akamwaga maziwa ya kutukaribishia, akasimama juu ya zulia la wageni na kujisaidia.

Mimi nilifika nasukuma, uso mweusi, kitambaa kinafuka. Bi harusi kacheka mpaka wanja ukamtiririka. Zawadi zimepokewa, alhamdulillahi, harusi ipo. Lakini Batoul! Kanibusu mashavu, kaninong'oneza sikioni: "Lalla Ghita, leo tumewasikia. Ila aliyetangulia ni ndama."

Jumapili, 14 Septemba

Wote wamekwisha kuamua kosa ni la nani. Abdeljalil kadai ufunguo. Uko kifuani mwangu, na hana ubavu wa kuufuata huko. Siku ya harusi, kasema, ni gari, nyuma, na sukari. Maati kasimama mlangoni na jeti kiganjani kama mposaji. Eti ni kazi ya muda wa kunywa glasi moja ya chai, pikipiki itanguruma na haitazimika, nami nitatangulia hadi mlangoni.

Wajuzi wakubwa! Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Ni unga. Nilitumia ule laini wa maandazi, mwepesi kuungua. Harusi ni mwezi ujao, na siku hiyo hakuna ndama wa kunipita.

Basi sikilizeni. Taoufik, kesho asubuhi kaniletee unga wa shayiri. Wewe Maati, jeti yako kamfanyie mkeo hereni. Kabureta asiiguse mtu. Na safari hii kitambaa kizungushwe mara mbili!