Homa ya Mtu wa Mashine

Jumatatu, 5 Machi 1973
Wiki ya tisa sasa naigiza Hodari, mtu wa mashine mwenye sura ya binadamu, anayemlinda binti yatima katika mji wa mwezini. Unguja nzima inamtazama kwenye televisheni. Bila mimi hakuna mchezo. Na Jumamosi nilipewa maneno mangapi? Matatu: "Kaa nyuma yangu." Yule binti kapewa kurasa nne, na hata kutamka hajui. Nimemwambia Gharib, mwongozaji wetu, kwamba Hodari anahitaji hotuba. Kanijibu kuwa mashine hailalamiki, nijifunze kwake. Mtu aliyekuwa akiuza viatu mwaka juzi!

Jumatano, 7 Machi
Mazoezi. Hotuba nimenyimwa, basi nikaamua Hodari alie. Nikajipaka kitunguu chini ya macho. Machozi yakaja mengi kuliko nilivyoyaagiza. Rangi ya fedha ikanichuruzika usoni mpaka kwenye kola. Binti akacheka. Gharib akanitoa nje. Mwatima, fundi cherehani anayetushonea mavazi, akanipa kitambaa na kusema taratibu, "Hodari hajitazami, Bwana Makungu. Anamtazama mtoto."
Fundi cherehani ananifundisha kuigiza! Nikamwambia arudi kwenye vifungo vyake.

Alhamisi, 8 Machi
Nimepata mpango. Jumamosi nyumba ya mwezini inaungua, na Hodari ndiye wa kumtoa binti motoni. Je, Hodari akiugua? Watakuja kunipigia magoti. Nimepeleka barua: homa kali. Mke wangu Tabia kaisadiki homa hiyo kuliko nilivyotaka. Kanipikia uji usio na sukari na kunikataza hata kutoka nje. Kutwa nzima nimetega sikio mlangoni. Hakuja mtu.

Jumamosi, 10 Machi
Baada ya magharibi nikatoroka kwenda kwa jirani yetu, Bi Mwanamkasi, mwenye televisheni. Nilitaka kuiona aibu yao. Moto ukawaka. Hodari akatokea! Mtu yumo ndani ya nguo zangu, uso umepakwa fedha. Hakusema neno. Alisimama kati ya moto na binti, akageuza shingo mara moja kuhakikisha yupo, kisha akambeba. Bi Mwanamkasi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Leo kweli kamlinda," akasema.
Ndipo akaniona. Akauliza, kama mimi nimekaa hapa kwake, yule ni nani. Mchezo ulipokwisha majina yakapita kwenye kioo: Hodari, Mwatima.
Nimerudi kitandani. Sasa naumwa kweli.

Jumatatu, 12 Machi
Nimekwenda kituoni kudai nguo zangu. Gharib kasema Mwatima anabaki nazo. Mimi alitaka kunifukuza, ila Mwatima mwenyewe kaniombea. Nihurumiwe na sindano na uzi! Kisha kaniuliza namna ya kuanguka bila kuumiza magoti. Nimemwonyesha, vibaya kidogo.
Nimepewa nafasi mpya: maiti ya nahodha wa chombo cha anga, inayookotwa dakika ya pili. Gharib kakariri mara tatu kwamba maiti haisemi. Ana wivu, masikini. Nshatunga beti nne.