Kubonyeza Buti Nako ni Kazi

Kwa Mkuu wa Mtandao wa Matangazo,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda mkihesabu vidole vya watu. Mimi ni kibarua wa ujenzi, niko mbali na kwetu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema kama ninavyobeba tofali, bila kuzunguka. Nikitoka kazini huandika tovuti ya kuwafundisha vibarua wenzangu kutia viraka buti za kazi. Ninyi mnaweka matangazo pembeni, na msomaji akibonyeza mnanipa changu. Hicho changu ndicho nauli yangu ya kurudi nyumbani, maana mshahara huenda kwenye ada ya watoto kabla sijauona sura.

Sasa mmeshusha bei ya kila mbonyezo hadi robo. Nalalamika hivi:

1. Kazi ni kazi. Nikipandisha tofali ghorofani, msimamizi hanikati ujira eti nyumba haijapata mpangaji. Msomaji amebonyeza. Akinunua au asiponunua, hayo ni yake na mwenye duka.

2. Mmenijibu kwamba wasomaji wangu wanabonyeza sana lakini hawanunui, kwa hiyo mibonyezo yao ni hafifu. Hafifu vipi? Tangazo lilikuwa la buti mpya. Wao hulibonyeza ili wakuze picha, waone soli imeshonwaje, kisha wakashone zao vivyo hivyo. Mchomeleaji anayelala kitanda cha chini yangu alikitazama kisigino kimoja mpaka mchumba wake, aliyekuwa kwenye simu, akakata. Nionyesheni mnunuzi mwenye heshima kama hiyo. Mnunuzi hutazama bei tu.

3. Mkaondoa buti, mkaleta mabwawa ya kuogelea. Mheshimiwa, tunalala wanane chumba kimoja, na bomba letu hukohoa tu. Hata hivyo hatukuwaangusha. Fundi vigae alibonyeza na kubonyeza akiangalia pembe zilivyokatwa, akasema, "Jamani, hawa wameibiwa. Maji yatapita hapa." Ushauri huo mmeupata bure, na bado mkashusha bei tena.

4. Vidole vyetu vimeliwa na saruji. Simu haivitambui mpaka uibonyeze mara tatu. Kwa haki, mbonyezo wetu mmoja uhesabiwe mitatu, na wa karani mwenye kidole laini uhesabiwe nusu, maana hata inzi angeweza kuufanya.

5. Kama bado mna shaka, leteni mkaguzi. Kuna kitanda kimoja kiko wazi. Aliyekilalia alipata nauli, akarudi kwao. Mkaguzi alipe kodi ya kitanda, aje na buti zilizotoboka, aishi kwa mshahara kama wetu. Akimaliza wiki bila kubonyeza kitu asichoweza kununua, nitaifuta tovuti, na ninyi mtamrudisha shule, maana hana hamu ya kujifunza kitu.

Nawaomba mrudishe bei ya zamani upesi. Mke wangu ameniandikia: "Baba Viraka, mlango nimeupaka rangi, rangi imebanduka, nimepaka tena. Unakuja, au nikuoneshe mlango kwenye picha?" Sina jibu la kumpa ila mtakalonipa ninyi.

Nisalimie mhasibu wako, na yule anayenijibu kabla sijamaliza kuuliza, na mwenye duka la buti, ambaye mali yake tunaijua kuliko anavyoijua yeye. Wenzangu wa chumbani wanawasalimu nyote, isipokuwa mchomeleaji, ambaye bado anabembeleza mchumba.

Wenu katika kubonyeza,

Fundi Kiraka

Nyongeza: Nilipoinuka kwenda kuituma barua hii, soli ya buti yangu ya kulia, niliyoishona kwa kufuata maelekezo yangu mwenyewe, ilibaki sakafuni. Naona tangazo la buti mmelirudisha. Kwa kuwa mmenikataza kubonyeza matangazo ya tovuti yangu, nilimwomba mchomeleaji abonyeze kwa simu yake, nami nikalipa. Nimetumia nauli. Buti ni nzuri sana, na soli yake haihitaji maelekezo ya mtu. Leo nimeona bei ya mbonyezo imepanda. Basi msibadilishe chochote, utaratibu wenu ni wa haki kabisa. Ila mke wangu akiwaandikia, tafadhali mwambieni bado mnashusha.